Kabla Hujamwambia Dalali "Sawa": Mwongozo kwa Mwenye Lori Moja au Mawili

Saa kumi na mbili unusu asubuhi simu inalia. "Mkuu, kuna mzigo wa Kisumu, tani kumi na tano, elfu ishirini na nane. Uko wapi?" Lori lako limelala Nakuru siku ya tatu. Dereva amekaa juu ya kreti ya soda akichezea simu, tanboi, msaidizi wake, ameshaomba pesa ya chai mara mbili, na mkopo unadaiwa kesho kutwa. Utasema sawa. Mimi nimeshasema sawa ya namna hiyo mara nyingi, na kuna safari ambazo ingekuwa nafuu kwangu lori lingeendelea kulala.

Nawaandikia wenzangu wenye lori moja au mawili, wale ambao mzigo huwafikia kupitia madalali. Mwenye trela hamsini ana wahasibu wake. Mfano wangu utakuwa lori la magurudumu kumi linalotoka Nakuru kwenda Kisumu. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa zangu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya lori likiwa limelala

Wengi wetu tunajua bei ya dizeli na posho ya dereva, basi. Lakini lori linakula hata likiwa limezimwa. Chukua daftari uandike vitu vyote unavyolipa kwa mwezi, lori litembee lisitembee. Tuseme mkopo ni 80,000, bima 12,000, mshahara wa dereva 30,000, tanboi 15,000, na 5,000 za maegesho, leseni na kifaa cha kufuatilia gari. Jumla 142,000. Ukifanya kazi siku 20 kwa mwezi, kila siku ya kazi inabeba 7,100. Shika hiyo 7,100 kichwani, kwa sababu ndiyo bei ya siku moja ya lori lako. Anayekuambia "ngoja hapo kidogo, makuli wanakuja kesho" amekuomba 7,100 bila kuitaja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya barabara, pamoja na mlima

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho ni kama kilomita 185. Lori letu likiwa na mzigo tuseme linakwenda kilomita 3 kwa lita, likirudi tupu kilomita 4. Hiyo ni lita 62 kwenda na 46 kurudi, jumla 108. Dizeli ikiwa 170 kwa lita, unachoma 18,360. Matairi, oili na spea ni vya kuwekewa akiba kwa kila kilomita. Mimi hutumia shilingi 13, kwa hiyo kilomita 370 ni 4,810. Posho 2,500. Sesi, yaani ushuru wa kaunti kwa mzigo, maegesho na mengine madogo 1,000. Jumla ya barabara ni 26,670.

Ongeza siku mbili za lori, 14,200. Unapata 40,870.

Sasa rudi kwenye simu ya asubuhi. Ishirini na nane elfu inalipa barabara na kukuachia 1,330. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana mkononi utaona pesa imebaki na utaamini umefanya kazi. Benki ndiyo itakayokuambia ukweli mwisho wa mwezi.

"Lakini nitapata mzigo wa kurudi." Vizuri, tuuhesabu. Mzigo wa Kisumu kuja Nakuru tuseme ni 18,000. Hapa wengi hukosea, wakidhani kurudi na mzigo kunakula mafuta sawa na kwenda nao. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit iko zaidi ya 2,400. Ukienda, mlima wako mkubwa unaishia Mau Summit na baada ya hapo barabara kwa jumla inateremka hadi ziwani. Ukirudi, unaubeba mzigo huo tangu tambarare za Awasi hadi Kericho, halafu unazidi kupanda. Langu hapo hushuka hadi kilomita 2.5 kwa lita. Hizo ni lita 74 badala ya 46, yaani 4,760 zaidi. Gharama zote zinakuwa 45,630 na mapato 46,000. Umebaki na 370, pesa ya chapati na madondo kwa watu wawili.

Na hiyo 370 ni kama ulipakia Kisumu siku ile ile uliyoshusha. Ukilala siku moja ukingojea huo mzigo wa kurudi, toa 7,100. Umepata hasara ya 6,730 na bado dereva atakusifu kwamba hakurudi tupu.

Kwa hiyo andika bei tatu nyuma ya daftari. Ya kwanza ni ya barabara, 26,670. Chini ya hapo hata ukilia njaa usiwashe injini. Ya pili ni ya kusimama wima, 40,870. Ya tatu ni ile unayoitaja simu ikilia, na hiyo iwe juu ya ya pili kwa kiasi unachokiona kinakutosha. Kuna siku utabeba kati ya ya kwanza na ya pili kwa sababu kitu kidogo kina afadhali kuliko lori kulala. Mimi pia hubeba. Ila ubebe ukijua, na usiruhusu wiki mbili zipite hivyo.

Hatua ya 3: Jua mzigo unaelekea upande gani

Bei haishuki tu kwa sababu dalali ni mchoyo. Bandari ya Mombasa huingiza mizigo mingi mizito kuja bara kuliko inayotoka bara kwenda pwani. Trela lililopeleka kontena Kampala likirudi kupitia Malaba, Eldoret na Nakuru liko tupu, na safari yake imeshalipwa. Likikutana na mahindi ya kupeleka Nairobi kwa bei ya mafuta, hiyo kwake ni zawadi. Wewe uliyetoka nyumbani kutafuta riziki kamili kwenye mzigo huo huo huwezi kushindana naye, na kumtukana dalali hakutabadilisha kitu.

Ndiyo maana mimi bei yangu kamili naidai kwa mizigo inayokwenda magharibi: mbolea, saruji, bidhaa za viwandani. Kurudi nachukulia kama bahati. Msimu nao una sauti yake. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yakianza kuvunwa kuanzia Oktoba, lori la kubeba linatafutwa. Kuanzia Machi watu wako shambani na mbolea ndiyo inayotembea. Kiwanda cha sukari kikisimama, lori lililokuwa likivuta miwa nalo huja kutafuta mzigo wako. Usagaji wa miwa uliposimamishwa Julai 2023 kwa sababu miwa ilikuwa michanga, hesabu ya nani atakuja kupiga kambi kwenye soko la mizigo ilikuwa rahisi.

Hatua ya 4: Mjue dalali, na ujue wako wangapi mbele yake

Nitasimulia kisa changu kwa sababu kilinifundisha hatua hii. Nilibeba mahindi kutoka Moi's Bridge hadi Kisumu kwa 30,000, nusu kabla na nusu baada ya kushusha. Nilishusha. Simu ya dalali ikazimwa. Nilikaa kwenye geti la kiwanda siku moja na nusu, mwishowe mhasibu mmoja mwenye huruma akanionyesha karatasi: kiwanda kilikuwa kimeshalipa, tena 46,000. Kumbe aliyenipigia simu alikuwa wa tatu. Kiwanda kilimpa wa kwanza, wa kwanza akampa wa pili, wa pili akampa wangu, na kila mmoja alinyofoa kipande chake. Ile 15,000 yangu sijaiona hadi leo.

Wenzetu wa Marekani wanalia kilio hicho hicho. Mei 2020 madereva wenye malori yao waliyaegesha Washington kwa siku nyingi wakilalamikia bei duni na madalali wanaoficha walicholipwa. Tofauti ni kwamba kule dalali wa mizigo husajiliwa na serikali kuu, na tangu 2013 lazima aweke dhamana ya dola 75,000 ili asipolipa, mwenye lori apate pa kudai. Kanuni zao pia zinampa mwenye lori haki ya kuona kumbukumbu za malipo ya mzigo aliobeba, ingawa mikataba mingi ya madalali humtaka aisamehe haki hiyo kabla hajapewa kazi. Huku kwetu mtu akiwa na simu, bando na kikundi cha WhatsApp tayari anaitwa dalali. Dhamana yako utaijenga mwenyewe kwa maswali.

Muulize waziwazi: "Mzigo huu umepewa na mwenyewe au na dalali mwenzako?" Atakayejibu kwa ukali, mshukuru na ukate simu. Omba jina la mwenye mzigo na la ghala unakopakia, kisha utafute namba ya ghala hilo wewe mwenyewe. Usitumie atakayokupa yeye. Uliza kama kweli kuna mzigo wa kutoka leo na umeandikishwa kwa jina la nani. Akisema ana kampuni, taarifa za usajili na wakurugenzi huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Akiwa ni mtu binafsi, pata picha ya kitambulisho chake, na uhakikishe advansi inatoka kwenye namba ya M-Pesa yenye jina lilelile. Jina likitofautiana, simama.

Na tuwe wa haki. Madalali nao wana yao ya kusimulia. Kuna viwanda vinavyolipa baada ya siku 30 au 60, na dalali mzuri hukupa advansi ya dizeli kutoka mfukoni mwake akiomba Mungu kiwanda kisichelewe zaidi. Kuna wenye malori waliopokea advansi wakaenda kubeba mzigo wa mtu mwingine. Kuna madereva waliofika na mifuko 298 badala ya 300 na hadithi ndefu kuhusu Salgaa, kituo cha malori njiani. Dalali aliyekulipa salio kwa wakati mara tano ana thamani kuliko anayekuongezea elfu tatu kwa mdomo. Mpe bei yake nzuri, mpokee simu usiku, na usimzunguke kwenda kwa mteja wake.

Hatua ya 5: Weka mapatano kwenye maandishi kabla gurudumu halijazunguka

Si lazima iwe mkataba wa wakili. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, ilimradi uwe na kila kitu na yeye aujibu. Mimi huandika hivi:

"Mkuu, tumekubaliana: mbolea mifuko 300 ya kilo 50, kutoka ghala la Nakuru hadi Mamboleo, Kisumu. Bei ni 43,000. Advansi 27,000 kabla lori halijatoka getini. Salio 16,000 siku ya kushusha, kabla turubai halijafunguliwa. Lori likikaa zaidi ya saa 24 tangu kufika bila kushushwa, ni 7,000 kwa kila siku. Makuli ni juu ya mwenye mzigo. Andika NIMEKUBALI."

Angalia ile advansi. Haikutoka hewani, ni gharama ya barabara ya hatua ya 2, ikisogezwa juu kidogo. Dalali akitoroka na salio, angalau hujachangia mafuta ya mzigo wake. Mwenye kukuambia "tutaelewana tu, bosi, sisi ni watu wa siku nyingi" mwambie kwa upole kwamba kwa sababu ni watu wa siku nyingi, kuandika neno moja hakutamchosha.

Malipo ya kulala ndiyo hubishaniwa zaidi, na ndiyo watu huogopa kuyataja wakihofia kupoteza mzigo. Yataje. Asipokubali 7,000, kubali 4,000, mradi kuna tarakimu iliyoandikwa. Lori lisilo na bei ya kulala hugeuzwa ghala la bure.

Hatua ya 6: Uzito

Dalali akishindwa kukupunguzia bei huongeza mzigo. "Tia tani tatu juu, nitakuongezea elfu tatu." Kwa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la ekseli tatu lisizidi tani 26 pamoja na uzito wake lenyewe: 8 mbele na 18 kwa ekseli pacha za nyuma. Bodi na chesi zikichukua kama 11, umebaki na 15. Mizani za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, za Gilgil na Webuye zinajulikana, lakini kuna pia za kuhamishwa zinazotokea barabarani bila taarifa. Ukikamatwa, lori linaloegeshwa pale ni lako, na simu ya dalali hapo huwa haipatikani. Breki nazo hazijui bei uliyopewa. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa umeua watu wa kutosha, na kilichotokea makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023, ambapo lori liliua watu zaidi ya 50, hakuna aliye na lori anayeweza kukisoma akalala vizuri.

Hatua ya 7: Kushusha na karatasi

Dereva apige picha ya mzigo ukiwa umefunikwa, ya nambari ya lori kwenye geti na saa ya kufika. Saa hiyo ndiyo mwanzo wa ile 24. Hati ya kupokea mzigo isainiwe, ipigwe muhuri, iandikwe idadi ya mifuko, na nakala moja ibaki kwako. Ikiwa kuna mfuko uliopasuka, uandikwe pale pale mbele ya wote wawili.

Salio lisipoingia, je, uzuie mzigo? Wengi hufanya hivyo na wakati mwingine pesa hutoka ndani ya dakika kumi. Lakini kumbuka mzigo si wa dalali. Mwenyewe anaweza kuwa ameshalipa kila kitu, na akienda polisi atasema lori lako limeondoka na mali yake. Mimi nikifika hapo husimama mahali panapoonekana, kwenye geti lenyewe, turubai limefungwa, kisha humpigia mwenye mzigo moja kwa moja na kumsomea ule ujumbe wa hatua ya 5. Mara nyingi yeye ndiye humbana dalali kwa niaba yangu. Kamwe usihamishe mzigo kwenda kuuficha.

Hatua ya 8: Kudai kilichobaki

Siku ya kwanza tuma picha ya hati iliyosainiwa na uandike kiasi unachodai. Siku ya saba tuma barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa kesi, na huhitaji wakili. Haibanwi sana na kanuni za ushahidi kama mahakama nyingine, lakini peleka kila kitu kikiwa kimechapishwa: ule ujumbe wenye NIMEKUBALI, taarifa ya M-Pesa ya advansi, hati ya kupokea mzigo. Jina utakalomshtaki nalo ndilo lililo kwenye kitambulisho ulichochukua hatua ya 4. Mimi mwaka ule nilikuwa na "Kevo Mizigo" tu kwenye simu, na hakuna karani wa mahakama anayeweza kumpelekea samansi Kevo Mizigo.

Hatua ya 9: Punguza kumtegemea

Kuna jambo nililichelewa kulielewa. Nilidhani dalali ananishinda kwa kuwajua watu. Kumbe alikuwa ananishinda kwa karatasi. Tangu Januari 2024, biashara ikitaka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, itambue matumizi yake, inahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Meneja wa ghala hata akikupenda vipi hawezi kukulipa kwa risiti ya daftari. Kwa hiyo anampa dalali mwenye eTIMS, na dalali anakupa wewe.

Jisajili eTIMS. Chukua bima ya mali iliyo safarini, maana ndilo swali la pili utakaloulizwa. Kisha tafuta wenzako watatu au wanne wenye malori yanayopita mizani bila kona kona, msajili kampuni pamoja, kwa sababu kiwanda hakitaki lori moja linaloharibika gia Jumatatu. Anza na wateja wa kati: wauza mbolea wa jumla, wasagaji wadogo, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nenda mwenyewe, umevaa shati safi, na bei iliyochapishwa.

Bei hiyo iwe na tarehe ya kuisha. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi na zinaanza kutumika usiku huo hadi tarehe 14 inayofuata, huku Nakuru na Kisumu kila mmoja ukiwa na bei yake. Basi tarehe 14 jioni fungua daftari, badilisha mstari wa dizeli, na uwatumie wateja bei mpya kabla hawajalala. Kwa safari yetu ya lita 108, kila shilingi moja inayopanda ni 108 za kuongeza, na ikishuka, nazo zionyeshe.